Nahodha kwa Wiki Moja: Historia ya Kukodi Mashua Tupu

Anayekodi chombo cha baharini aweza kukipata kwa njia mbili ambazo kisheria zimetengana kabisa. Katika njia ya kwanza, iliyozoeleka tangu zamani katika bandari zote za dunia, mwenye chombo humbakisha kazini nahodha wake pamoja na mabaharia, na anayekodi hununua nafasi na muda tu: yeye husema anakotaka kupelekwa, au shehena yake ishushwe wapi, na nahodha ndiye aamuaye nanga ing'olewe lini na chombo kipite mkondo upi. Katika njia ya pili chombo hukabidhiwa kikiwa kitupu, yaani bila nahodha wala baharia hata mmoja, na mwenye kukipokea huingia katika nafasi ya mwenye mali kwa muda wote wa mkataba, akateua nahodha amtakaye au akashika usukani yeye mwenyewe. Njia hii ya pili ilikomazwa na wafanyabiashara wa merikebu za shehena, lakini tangu mwishoni mwa karne ya 19 imekuwa pia msingi wa aina ya likizo ambayo leo huwapeleka maelfu ya watu baharini kila mwaka bila ya kumiliki hata ubao mmoja wa mashua. Historia ya likizo hiyo ni historia ya mamlaka ya unahodha, jinsi yalivyopatikana kwa kukodiwa, katika maji gani, na kwa gharama ya nani.

Sheria ya Uingereza ilikuwa imekwisha kuliweka bayana suala la mamlaka hayo kabla likizo za namna hii hazijaenea. Mwaka 1893 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, liliamua shauri la Baumwoll dhidi ya Furness, lililohusu meli iliyokuwa imekodishwa ikiwa tupu, na likasema kwamba mwenye meli hawajibiki kwa shehena iliyopotea iwapo nahodha aliyetia saini hati za kupokea shehena alikuwa mtumishi wa aliyekodi. Maana yake ni kwamba mkono unaomwajiri nahodha ndio unaobeba dhamana, na jina lililoandikwa katika daftari la usajili halitoshi kumtwisha mwenye mali mzigo wa makosa yaliyotendwa baharini na watu asiowaamuru. Kanuni hii, iliyotungwa kwa ajili ya matajiri wa pamba na makaa ya mawe, ilikuja kumhusu mwalimu wa shule au karani aliyelipa ili akae siku saba ndani ya mashua yenye vitanda vinne, kwa kuwa yeye pia, pindi anapotia saini, huwa nahodha kamili mbele ya sheria hata kama hajawahi kuitwa hivyo na mtu yeyote.

Mahali ambapo desturi hii ilichukua sura ya biashara ya likizo ni Norfolk, mashariki mwa Uingereza, katika eneo liitwalo Broads. Hilo ni eneo la mito ya polepole iliyounganishwa na maziwa madogo, lenye njia za majini zinazokaribia kilomita 200 zisizokatizwa na milango ya kuzuia maji. Kwa muda mrefu iliaminiwa kwamba maziwa hayo ni ya asili, hadi katika miaka ya 1950 mtaalamu wa mimea Joyce Lambert alipochunguza kingo zake na kuonyesha, pamoja na wenzake, kwamba ni mashimo yaliyochimbwa na watu wa zama za kati. Watu hao walikuwa wakitafuta udongo mweusi wa mimea iliyooza, ambao ukikaushwa huwaka kama kuni, na mashimo yao yalifurika maji ya bahari yalipopanda. Kwa hiyo uwanja wa kwanza wa wasafiri wa starehe uliandaliwa bila kukusudiwa na wachimbaji maskini, jambo ambalo vitabu vingi vya watalii vimelipita haraka mno.

Katika mito hiyo mizigo ilichukuliwa na weri, mashua pana za mbao zenye mlingoti mmoja na tanga kubwa jeusi, ambazo zilikwenda kwa upepo na, upepo ukikata, zikasukumwa kwa upondo kama zisukumwavyo mashua za maji mafupi kwingineko duniani. Reli iliyojengwa kutoka Norwich hadi Great Yarmouth mwaka 1844, na nyingine iliyofika Wroxham mwaka 1874, ziliinyang'anya weri shehena yake, lakini reli hizohizo zilileta abiria waliokuwa na siku chache za mapumziko na hamu ya kuona maji. Wenye weri walianza kufagia ngama na kuweka vitanda, wakawachukua wageni kwa wiki huku nahodha na msaidizi wake wakibaki chomboni kuendesha na kupika. Hiyo ilikuwa bado njia ya kwanza ya kukodi, na ilikuwa ghali, kwa sababu mgeni alilipia chombo kikubwa na kazi ya watu wawili.

Hatua iliyofuata inahusishwa na John Loynes, seremala wa Norwich aliyeanza mwishoni mwa miaka ya 1870 kutengeneza mashua ndogo za kukodisha, kisha akahamishia karakana yake Wroxham, karibu na kituo cha reli. Mashua zake zilikuwa ndogo kiasi cha kuweza kuendeshwa na wateja wenyewe, na hapo ndipo lilipo badiliko kubwa, kwani mara tu nahodha wa kuajiriwa alipoondolewa bei ilishuka, na watu wa tabaka la kati waliokuwa wakiitazama bahari kwa mbali wakaweza kushika kamba za tanga kwa mikono yao. Kitabu cha mwongozo cha George Christopher Davies kuhusu mito na maziwa ya Norfolk na Suffolk, kilichotolewa mwaka 1882, kiliwapa wateja hao maelezo ya njia na vituo, na kwa namna fulani kilishika nafasi ya nahodha aliyeachwa nchi kavu, kwa kuwa ujuzi uliokuwa kichwani mwa wenyeji sasa ulinunuliwa kwa maandishi. Mwaka 1908 Harry Blake alianzisha wakala wa kuwaunganisha wenye mashua na wateja kwa orodha moja iliyochapishwa, na tangu hapo mtu wa London aliweza kuchagua chombo kwa kusoma idadi ya vitanda na bei ya wiki, bila ya kumjua mwenyewe wala kukiona chombo.

Mafanikio hayo yalileta pia malalamiko ambayo hayajaisha hadi leo. Mashua za injini zilipoongezeka baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mawimbi yake yalimomonyoa kingo za matete, na waendeshaji wasiojua mito walifunga kamba mahali ambapo ndege walitaga. Riwaya ya Arthur Ransome iitwayo Coot Club, iliyochapishwa mwaka 1934, iliujenga mgogoro wake wote juu ya kundi la wakodi wenye makelele na watoto wa mtoni waliowatetea ndege. Wapo waliopinga mwelekeo huo kwa vitendo: Percy Hunter alianzisha karakana huko Ludham mwaka 1932 ya kukodisha mashua za mbao zisizo na injini, na mashua hizo bado zinakodishwa, sasa chini ya amana ya kuhifadhi urithi. Kudumu kwake ni ushahidi kwamba biashara hii haikulazimika kuuharibu mto, na kwamba uharibifu ulitokana na uchaguzi wa watu.

Kutoka mtoni hadi bahari ya wazi kulikuwa na mwanya mpana, na ulichukua zaidi ya miaka 60 kuvukwa. Mashua ya mbao inayokwenda baharini ilihitaji kupigwa kalafati kila msimu, ilitofautiana na nduguye hata kama zilitoka kwa fundi mmoja, na ilikuwa na tabia zake ambazo mwenyewe alizijua kwa kuishi nayo. Kumkabidhi mgeni chombo cha namna hiyo kwa wiki moja ilikuwa hatari ambayo wenye mali wachache waliikubali. Ndiyo maana katika Karibi, ambako likizo za baharini zilianza kushamiri baada ya Vita Vikuu vya Pili, utaratibu wa kwanza ulikuwa wa chombo chenye nahodha. Vernon Nicholson, afisa mstaafu wa jeshi la majini la Uingereza, alifika Antigua mwaka 1949 na familia yake katika jahazi lao Mollihawk, akatia nanga katika bandari ya English Harbour, kituo cha kale ambacho jeshi hilo lilikuwa limekihama mwaka 1889. Wageni matajiri waliokuwa wakikaa katika hoteli za kisiwa walimwomba awatembeze, na kutokana na maombi hayo ikazuka biashara ya majahazi yanayokodishwa pamoja na watu wake, biashara ambayo hadi sasa ndiyo ya wenye fedha nyingi.

Kilichouvuka mwanya huo ni faibaglasi, yaani nyuzi za kioo zinazolowekwa katika utomvu wa plastiki na kuachwa zigande ndani ya kalibu. Mwaka 1959 binamu wawili wa Rhode Island, Clinton na Everett Pearson, walionyesha mjini New York mashua yao ya Triton, iliyosanifiwa na Carl Alberg, na katika miaka iliyofuata mamia ya mashua za aina hiyo yalitoka katika kalibu moja. Kwa mwenye biashara ya kukodisha, sifa kubwa ya mashua hizi ilikuwa kufanana kwake: bomba lililopasuka katika moja lilibadilishwa kwa bomba la akiba linaloingia katika zote, mafundi walijifunza chombo kimoja wakakijua kikosi kizima, na mgeni aliyeridhika aliweza kurudi mwaka uliofuata akapewa mashua nyingine iliyo sawa na ile ya kwanza. Ndege za jeti nazo zilifupisha safari ya kutoka baridi ya Amerika ya Kaskazini hadi visiwa vya joto, na kwa mtu mwenye likizo ya siku kumi tofauti hiyo ilikuwa na uzito kuliko ubora wa tanga lolote.

Mambo hayo mawili yalikutana katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza, na ni kosa kuandika, kama ilivyoandikwa mara nyingi, kana kwamba visiwa hivyo vilikuwa vikingoja kugunduliwa na mabaharia wa mapumziko. Baada ya watumwa kuwekwa huru mwaka 1834 na mashamba ya miwa kufifia, watu wa Tortola na visiwa jirani walijitengenezea maisha ya kilimo kidogo, uvuvi na ubaharia. Walijenga mashua za matanga zenye mlingoti mmoja, wakapeleka mifugo, samaki na makaa katika soko la St. Thomas, kisiwa kilichokuwa chini ya Denmark kisha chini ya Marekani, na ukaribu huo wa kibiashara ndio uliofanya dola ya Marekani iwe fedha halali ya visiwa vya Uingereza mwaka 1959. Njia ambazo wakodi wa baadaye wangechorewa kwenye ramani zilikuwa njia za mashua hizo, na ghuba walizoelekezwa kulala zilikuwa ghuba ambazo manahodha wa Tortola walizikimbilia upepo ulipochafuka.

Maumbile ya mahali hapo yalifaa kwa kiasi ambacho ni vigumu kukipata kwingine. Visiwa vimejipanga mistari miwili pande zote za Mkondo wa Sir Francis Drake, hata msafiri hupita katikati kama ndani ya ziwa, akikiona kisiwa anachokiendea tangu anapong'oa nanga. Upepo wa mashariki huvuma kwa utulivu sehemu kubwa ya mwaka, na kupwa na kujaa kwa maji hakufiki nusu mita. Jambo hili la mwisho msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atalipima vyema, kwani katika maji ya Unguja bamvua huinua na kushusha bahari kwa takriban mita nne, na mgeni atiaye nanga penye kina cha kutosha mchana aweza kuamka mkuku umekaa juu ya mwamba. Katika pwani kama hiyo, kukodi chombo pamoja na nahodha anayejua nyakati za maji na milango ya miamba ni busara kongwe. Tortola iliwezesha kumwacha nahodha gatini kwa sababu bahari yake humsamehe asiyejua mengi.

Mnamo 1964 Laurance Rockefeller alifungua hoteli ya Little Dix Bay katika kisiwa cha Virgin Gorda, na mwaka 1966 daraja liliunganisha Tortola na kisiwa cha Beef ulipo uwanja wa ndege. Mwishoni mwa muongo huo daktari wa meno kutoka Marekani, John Van Ost, alianzisha kampuni ya kukodisha mashua tupu katika Visiwa vya Virgin, na mwaka 1969 Charlie Cary na mkewe Ginny walianzisha The Moorings mjini Road Town wakiwa na mashua sita za aina ya Pearson 35, kila moja ikiwa na urefu unaokaribia mita 11. Kutokana na mashua hizo sita ilikua kampuni ambayo baadaye ilifungua vituo katika bahari nyingi za dunia, na mfano wake uliigwa na karibu kila aliyeifuata.

Nguzo ya ukuaji huo ilikuwa mpango wa umiliki ambao wateja wengi hawakuuona. Kampuni haikununua mashua zote kwa fedha zake. Iliziuza kwa watu binafsi, wengi wao Wamarekani, kisha ikazikodi kutoka kwao kwa miaka kadhaa, ikawalipa sehemu ya mapato na kuwapa wiki chache za kutumia wenyewe. Sheria za kodi za Marekani zilimpendelea mtu mwenye mali ya biashara inayochakaa, hadi mageuzi ya mwaka 1986 yalipobana nafasi hiyo, lakini mpango wenyewe haukufa. Hivyo wiki ya likizo ikawa na mlolongo wa watu watatu: mwenye mashua aliye mbali, kampuni inayoitunza, na mkodi anayeishikia usukani, kila mmoja akiwa na mkataba wake na bima yake, na nyuma yao fundi wa Tortola anayepanda chomboni kila wageni wanapoondoka ili kutafuta kilichovunjika.

Wenyeji hawakuyapokea mabadiliko yote kwa ukimya. Serikali ya visiwa ilikuwa imempa mwekezaji wa Uingereza, Ken Bates, haki za miaka 199 juu ya eneo la Wickhams Cay lililokuwa likifukiwa baharini mbele ya Road Town, pamoja na sehemu kubwa ya kisiwa cha Anegada. Mwaka 1968 Noel Lloyd aliongoza maandamano ya kuupinga mkataba huo, na mwaka 1971 haki hizo zilirudishwa kwa serikali kwa njia ya kununuliwa. Eneo hilohilo la Wickhams Cay ndilo lililokuja kuwa kitovu cha marina na vituo vya kukodishia mashua. Tukio hili lastahili kuwekwa katikati ya historia ya biashara hii, kwa kuwa lau mkataba ungebaki, gati ambalo uchumi wa visiwa uliliegemea lingekuwa mali ya mtu mmoja wa mbali hadi karne ya 22.

Desturi za makabidhiano zilizokomaa Tortola zimekuwa kanuni ya kazi karibu kila mahali. Anayetaka mashua huandika kwanza maelezo ya uzoefu wake wa bahari, na kampuni ikiwa na shaka humpa nahodha wa siku moja au mbili amtazame. Anapofika hukagua chombo pamoja na mfanyakazi kwa orodha ndefu ya vifaa, kutoka jaketi okozi hadi vijiko, akaacha amana ya fedha kwa ajili ya uharibifu, kisha akakalishwa mbele ya ramani aonyeshwe miamba, maboya na ghuba za kulala. Kusafiri usiku hukatazwa, na kwa miaka mingi Anegada pia ilikatazwa katika mikataba mingi, kwani ni kisiwa cha matumbawe kilicho chini sana hata hakionekani kwa mbali, na kimezingirwa na mwamba wa Horseshoe uliokwisha kula merikebu nyingi. Kwa hiyo mamlaka ambayo sheria ya 1893 iliyatambua kuwa kamili hutolewa hapa yakiwa yamewekewa mipaka ya saa na ya mahali, na mipaka hiyo imeokoa maisha.

Katika Bahari ya Kati jibu la suala la ujuzi lilikuwa tofauti. Nchini Ugiriki, katikati ya miaka ya 1970, ulianza utaratibu wa misafara, ambapo mashua kadhaa zenye wakodi wachanga hufuatana na chombo kimoja cha kiongozi na fundi, kila jioni wakakutana bandarini. Baadaye serikali za eneo hilo zilielekea kwenye vyeti, na mwaka 1998 Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya ilipitisha azimio namba 40 kuhusu cheti cha kimataifa cha waendeshaji wa vyombo vya burudani, ambacho leo huulizwa katika marina nyingi za Ulaya. Kroatia, yenye visiwa na miamba zaidi ya 1,200 na mtandao wa marina ulioanzishwa mwaka 1983 zama za Yugoslavia, imekuwa miongoni mwa vituo vikubwa vya biashara hii.

Gharama ya starehe hiyo iliangukia kwanza chini ya maji. Nanga moja ikiburutwa juu ya matumbawe huvunja kilichokua kwa miongo, na mashua mia zikilala katika ghuba ileile kila usiku hubakisha mchanga mtupu. Hifadhi ya taifa ya Visiwa vya Virgin vya Uingereza iliweka maboya ya kudumu ili wageni wafunge kamba badala ya kutupa nanga, kwa malipo yanayosaidia uhifadhi, hasa katika maeneo kama mabaki ya meli ya Rhone, iliyozamishwa na kimbunga karibu na kisiwa cha Salt tarehe 29 Oktoba 1867.

Karne moja na nusu baadaye, tarehe 6 Septemba 2017, kimbunga Irma cha daraja la tano, daraja la juu kabisa, kilipita juu ya visiwa hivyohivyo. Mamia ya mashua za kukodisha yalikuwa yamefungwa kwa minyororo katika ghuba ya Paraquita, maficho yaliyotumiwa na kampuni kila msimu wa vimbunga, na mapambazuko yalizikuta zimerundikana moja juu ya nyingine, nyingi zisizotengenezeka. Wenye mashua waliokuwa nje walilipwa na bima zao. Watu wa Tortola, ambao nyumba zao nyingi zilikuwa zimeezuliwa mapaa, walianza kuvuta mabaki ufukweni na kufungua tena magati, kwa kuwa ajira zao zilikuwa hapo. Kampuni zilirudi na vikosi vipya ambamo mashua pana zenye viwiliwili pacha zimechukua nafasi kubwa, na masharti ya bima kuhusu mahali chombo kinapolala kati ya Agosti na Oktoba sasa husomwa kwa makini kuliko kifungu kingine chochote cha mkataba.